Kumleta msanii mkubwa kwenye hafla yako: kuanzia simu ya kwanza hadi wimbo wa mwisho

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ilinipa kazi ya kuandaa sherehe yao ya kufunga mwaka hapa Dar es Salaam. Walimtaka msanii wa Bongo Fleva mwenye jina, na fedha ilikuwepo. Tukalipa nusu ya fedha mwezi mmoja kabla, nusu iliyobaki tukaimalizia siku yenyewe mchana. Kadi za mwaliko zilitaja saa tatu usiku. Msanii alifika saa sita na nusu akitokea shoo nyingine, na wageni waliokuwa wamebaki hawakujaza hata meza za mbele. Akaimba nyimbo tatu juu ya muziki uliokuwa unatoka kwenye kompyuta, dakika 14 kwa saa yangu, akapunga mkono, akakimbilia shoo ya tatu.

Asubuhi yake nikaufungua mkataba nione tumdai nini. Uliandikwa: "Msanii atatumbuiza katika sherehe." Basi. Na kweli alitumbuiza. Saa haikutajwa, dakika hazikutajwa, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba ataimba laivu.

Tangu siku ile nikikodi msanii nakodi dakika zake, sauti yake na saa ya kufika. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazofuata, iwe ni kampuni inayowaaga wastaafu au kamati ya harusi inayohangaika na michango.

Hatua ya 1: Watazame wageni kabla ya kutaja jina

Vikao vingi huanza na jina. Mmoja anasema Diamond Platnumz, mwingine Alikiba, mwingine Nandy, na hapo ubishi hauishi. Anza na orodha ya wageni. Ni watu wangapi, wa umri gani, wamekuja kukaa na kula au wamekuja kucheza?

Kama unawaaga wafanyakazi waliotumikia miaka thelathini na zaidi, ukiwapigia Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, au Sikinde iliyoanza mwaka 1978, utawaona watu wakiinuka kabla sahani hazijaondolewa mezani. Watu hao hao ukiwaletea singeli, muziki wa kasi wa vijana, watasikiliza kwa heshima huku wakitafuta funguo za gari. Hafla ya kuzindua bidhaa ya vijana ni kinyume chake kabisa. Kwenye harusi ya pwani kinamama wanataka taarabu, na ukiwanyima watakukumbusha hadi mtoto wa kwanza azaliwe. Khadija Kopa wa taarabu na binti yake Zuchu wa Bongo Fleva wametoka nyumba moja, lakini kila mmoja ana watu wake na usiku wake. Jiulize hafla yako ni ya yupi.

Ukishajua aina ya muziki, piga hesabu ya dakika, maana dakika 45 za muziki mmoja si sawa na dakika 45 za mwingine. Wimbo wa taarabu huweza kufika dakika kumi na kupita, kwa hiyo muda huo unakupa nyimbo nne tu, na hilo linatosha kabisa kama watu wamejiandaa kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti jukwaani. Msanii wa Bongo Fleva kwa dakika 45 hupitia nyimbo kumi na kitu. Bendi ya dansi haipendezi ikibanwa hivyo. Nyimbo zake huanza taratibu, maneno yasikike, ndipo magitaa yachemke na watu wainuke. Ipe saa moja na nusu, la sivyo utakuwa umelipia utangulizi peke yake.

Hatua ya 2: Chagua tarehe ukijua kalenda ya wasanii

Desemba hukodiwa mapema kuliko miezi yote. Wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani ni ya vunja jungu, sherehe za kuukaribia mfungo, na siku za Idd bendi na vikundi vya taarabu huwa na shoo zao wenyewe zinazowaingizia kiingilio. Ndani ya mwezi mtukufu vikundi vingi vya taarabu hupumzika. Februari kuna Sauti za Busara kule Zanzibar, tamasha lililoanza mwaka 2004, na kuna usiku wa wapendanao. Mwaka wa uchaguzi mkuu ndio mgumu kuliko yote: wasanii wengi huzunguka mikoani na misafara ya kampeni kwa wiki nyingi, na ratiba hubadilika kwa simu moja.

Hafla ya kawaida naipa miezi miwili. Ya Desemba naanza kuishughulikia Septemba. Kama kampuni haina tatizo na siku, omba Jumatano au Alhamisi. Msanii hatakuwa anakimbilia pengine na bei husogea. Kwa bendi uliza kwanza siku zao za kawaida, kwa sababu nyingi zina ukumbi wao wa kila wiki. Ukiwataka siku hiyo, utalipia pia kiingilio watakachokikosa mlangoni.

Hatua ya 3: Mfikie meneja wa kweli

Msanii mkubwa hapokei simu ya kazi mwenyewe. Namba ya kazi huwa kwenye ukurasa wake rasmi, na mara nyingi inampata meneja au ofisi ya lebo yake. Hapa ndipo matapeli wanapokaa. Kuna akaunti zenye picha zote za msanii, jina likiwa limeongezwa herufi moja, na mtu anayejiita meneja anayetaka "advansi kidogo ya kushikilia tarehe" iende kwenye namba ya simu. Usitume hata shilingi. Omba kukutana ofisini kwao au kuongea na msanii kwa simu ya video, na malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Meneja wa kweli halalamiki ukimwomba hivyo, maana hata yeye amechoka kupigiwa simu na watu waliotapeliwa kwa jina lake.

Ukimpata, maswali yake huwa yale yale:

"Ni tarehe ngapi, kaka? Mkoa gani? Ni shoo ya kiingilio au ya ndani?"

Mpe majibu kamili kwa mara moja: tarehe, ukumbi, idadi ya wageni, kwamba ni hafla ya mwaliko isiyo na kiingilio, nani mwenye shughuli, na unataka dakika ngapi. Usimfiche kama ni kampuni ukidhani utapata bei ya harusi. Atajua, na mazungumzo yatakayofuata yatakuwa ya watu wasioaminiana.

Kama wewe ni kampuni, muulize meneja jambo moja zaidi hapo hapo: msanii ni balozi wa nani? Ukiwa mtandao wa simu au kiwanda cha bia, na yeye ana mkataba na mshindani wako, hawezi kusimama chini ya bango lako. Hilo lijulikane kabla hamjafika kwenye bei.

Kwa waimbaji wa Injili, sema mapema kama pombe itakuwepo. Wengine hawaji, wengine watakuja wakiimba kabla haijafunguliwa. Ni haki yao kujua.

Hatua ya 4: Ielewe bei

Meneja akitaja kiasi, swali la kwanza ni "hiyo ndani yake kuna nini?" Bei ya msanii peke yake na bei ya msanii na bendi yake ni vitu viwili tofauti. Kuna madansa, dijei, mpiga picha wake, walinzi wake. Nje ya Dar es Salaam kuna tiketi, hoteli na magari, na msafara wa watu 12 unakula kama watu 12. Kuna jukwaa, taa, mitambo na jenereta. Kwenye bajeti zangu vitu hivyo vikijumlishwa huweza kuikaribia bei ya msanii mwenyewe, na kamati inayotumia fedha yote kwenye jina hubaki na spika za kuazima.

Kodi ndiyo huharibu hesabu za makampuni mengi. Kampuni inapomlipa mtoa huduma mkazi wa Tanzania, kwa kawaida inakata kodi ya zuio asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa msanii kutoka nje asiye mkazi, zuio ni asilimia 15. Sasa meneja akisema "tunataka milioni 10 mkononi", maana yake kodi iko juu yako: mkataba utasomeka shilingi 10,526,316, ili ukikata asilimia 5 zibaki milioni 10 zake. Kama ofisi yake imesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ongeza na asilimia 18. Mhasibu wako aingie kwenye mazungumzo hapa, asiletewe karatasi baada ya sahihi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu bila hiyo mkaguzi hataitambua gharama yako.

Kwa kamati ya harusi nina neno moja. Ahadi si fedha. Saini mkataba kwa michango iliyokwisha kuingia, usisaini kwa majina yaliyoandikwa kwenye kadi.

Hatua ya 5: Andika mkataba unaosema kila kitu

Hii ndiyo hatua nisiyoipitia haraka. Kurasa mbili au tatu zinatosha, lakini ziseme hivi.

Saa ya kufika ukumbini, saa ya kupanda jukwaani, na dakika za kutumbuiza, kila kimoja kwa tarakimu. Kufika na kupanda ni mambo mawili. Msanii wa kupanda saa tatu na nusu usiku nataka awe chumba cha nyuma saa mbili na nusu.

Laivu au pleibeki. Sina ugomvi na pleibeki. Shoo yenye madansa wazuri na msanii anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa inaweza kuinua ukumbi. Ila lazima ujue unanunua nini. Kama ni laivu, orodhesha vyombo: ngoma, besi, gitaa, kinanda, waitikiaji wangapi. Kama ni taarabu yenye udi, qanuni na fidla, andika hivyo hivyo, kwa sababu kikundi kinaweza kuja na kinanda kimoja kikapiga sauti zote hizo.

Majina ya watakaoimba. Ukikodi bendi unakodi watu, na watu wa muziki huhama. Sikinde yenyewe ilianza na wanamuziki waliotoka Dar International, na Hassan Rehani Bitchuka aliimba Juwata, ambayo leo ndiyo Msondo, na akaimba Sikinde pia. Kama bosi wako amemtamani mwimbaji fulani, jina lake likae kwenye karatasi, na ikiwa hatakuwepo bei ipungue kwa kiasi mlichokubaliana.

Malipo. Desturi ni nusu wakati wa kusaini na nusu kabla ya kupanda jukwaani, na wasanii wakubwa hawapandi bila hiyo nusu ya pili. Siwalaumu, wengi wao wamewahi kuimba na kuzungushwa. Ninachofanya ni kuandika kwamba nusu ya pili inalipwa msanii akishafika ukumbini na jaribio la sauti likiwa limefanyika. Kwa maneno hayo saa tatu inabaki kuwa saa tatu.

Kuchelewa na kuvunja. Akichelewa dakika 60 kinatokea nini? Asipokuja kabisa? Na wewe ukiahirisha wiki moja kabla, anabaki na kiasi gani? Mkataba unaombana msanii peke yake hautasainiwa na meneja anayeijua kazi yake, na hata ukisainiwa hautatekelezwa kwa moyo.

Picha na video. Kampuni nyingi hurekodi hafla halafu zikatumia sura ya msanii kwenye tangazo mwezi unaofuata. Hiyo ni kazi nyingine yenye bei nyingine. Andika kama unaruhusiwa kupiga picha za kumbukumbu tu, au kurusha mtandaoni, na kwa muda gani. Ukitaka ataje jina la bosi au aimbe "heri ya siku ya kuzaliwa", nalo liandike. Jukwaani si mahali pa kumpelekea msanii kikaratasi.

Mwisho kuna orodha ya mahitaji, ambayo mameneja huiita raida: maji, taulo, chumba chenye mlango unaofungwa, chakula, aina ya maiki. Isome yote. Kisichowezekana kiseme siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Vibali

Tanzania Bara, maonyesho ya sanaa yako chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Msanii na promota wanapaswa kuwa wamesajiliwa huko, na msanii wa kigeni, awe wa Kinshasa au wa Lagos, anahitaji kibali cha BASATA pamoja na ruhusa ya Uhamiaji ya kufanya kazi kwa muda mfupi. Usimpandishe ndege kwa viza ya utalii. Zanzibar mamlaka ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU, na kibali cha Bara hakivuki bahari.

Kama hafla ni ya wazi, pita kwa ofisa utamaduni wa halmashauri na polisi, na uangalie saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye kibali kabla ya kupanga ratiba. Kelele zina kanuni zake chini ya sheria ya mazingira, na NEMC, baraza la mazingira, wameshafungia kumbi na baa kwa ajili hiyo. Kwa hakimiliki za nyimbo uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mara nyingi ukumbi mkubwa huwa na leseni yake, uiombe uione.

Hatua ya 7: Mitambo na umeme

Huwa nafika ukumbini na fundi mitambo siku mbili kabla. Yule ninayefanya naye kazi ana tabia moja: anatembea katikati ya ukumbi mtupu akipiga makofi, kofi moja kila baada ya hatua chache, kichwa amekiinamisha. Anasikiliza sauti inavyorudi. Ukumbi wa marumaru na vioo kuta mbili hurudisha maneno ya mwimbaji kama mwangwi wa kisimani. Hapo ataomba mapazia mazito, spika ndogo nyingi badala ya kubwa mbili, na meza zisogezwe. Usibishane naye kwa sababu ya mapambo. Wageni hawatakumbuka rangi ya vitambaa, ila watakumbuka kama walisikia maneno.

Mpe raida ya msanii mapema, ahesabu njia za kwenye mikisa, yaani matundu ya kuchomekea maiki na vyombo. Bendi ya laivu hula njia 24 au zaidi, na mtambo wa dijei wa njia nane hauwezi kuubeba mzigo huo hata ukibembelezwa. Spika za jukwaani za kumrudishia mwimbaji sauti yake ndizo zinazosahauliwa zaidi. Msanii asiyejisikia hupiga kelele, na kufikia wimbo wa nne koo limekwisha.

Umeme wa TANESCO uwe wa akiba na jenereta iwe ndiyo tegemeo, au kinyume chake, lakini viwepo vyote viwili, na mitambo ya muziki isichangie waya mmoja na majiko ya wapishi. Niliwahi kuona muziki ukizimika kila friji ya vinywaji ilipojiwasha.

Jaribio la sauti lifanyike saa tisa au kumi alasiri, ukumbi ukiwa mtupu. Likifanyika wageni wakiwa wameketi, shoo imeshapoteza ladha yake.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Teua mtu mmoja, mmoja tu, anayeongea na meneja. Wenyekiti watatu wa kamati wakimpigia simu kila mmoja kwa wakati wake, atamsikiliza yule aliyempa jibu analolitaka.

Hotuba zote ziishe kabla. Mkurugenzi akizungumza baada ya msanii, atazungumza na viti. Mimi hupanga chakula, hotuba fupi, zawadi, halafu muziki, na mshereheshaji nampa ratiba yenye dakika, naye namwambia wazi kwamba saa tatu na nusu maiki si yake tena.

Kama ni taarabu, acha njia pana mbele ya jukwaa. Kinamama hawatunzi kutoka mezani. Wanainuka, wanapita wakicheza taratibu na noti mkononi, wanamfikia mwimbaji, wanarudi wakizunguka. Nimewahi kuona meza kuu imewekwa puani mwa jukwaa, na mama mmoja aliyevaa vizuri, noti za elfu mbili amezikunja kama feni, akasimama nyuma ya kiti cha mgeni rasmi hakuna pa kupita. Mwimbaji aliuona mkono ule akauimbia ubeti mzima, lakini fedha haikufika, na yule mama akarudi kukaa. Kinamama wengine wakamtazama, hawakuinuka. Kwa hiyo pima njia kwa miguu yako, watu wawili wapishane. Na mkubaliane kabla kwamba tunzo ni mali ya kikundi na haipunguzi malipo ya mkataba. Mabenki huwa yamefungwa, hivyo weka mtu mwenye noti ndogo za kuchenjia.

Walinzi wajue nani anaruhusiwa chumba cha nyuma. Picha na msanii ziwe na muda wake, dakika kumi baada ya kushuka, na majina ya watakaopiga yawe yameandikwa, wakiwemo wahudumu wawili watatu wa ukumbi ambao wamesimama tangu asubuhi.

Akishamaliza, mkabidhi meneja nakala ya malipo na upokee risiti papo hapo, kabla milango ya gari haijafungwa. Gari la msanii likiondoka, rudi jukwaani ukae na fundi mitambo mpaka maiki zote zihesabiwe na kurudishwa kwenye masanduku yake, kisha ndipo uende kula.